Mbeleko Iliyosahau Kurudi

Ilikuwapo zamani, ngozi ya mtu ilipokuwa inajua kurudi. Ukimfinya mtoto shavu, lilirudi, na hilo hata leo si ajabu. Lakini ukimfinya bibi yake mwenye vitukuu, nalo lilirudi, upesi vilevile, kana kwamba hukumgusa. Mwanamke alibeba mimba ya mapacha mpaka tumbo likawa linamtangulia mlangoni, na siku ya saba baada ya kujifungua lilikuwa bapa, halina mstari wala mkunjo, mashangazi wakimtazama kwa mashaka kama kweli amezaa au ameokota. Wazee hawakuwa na makunyanzi. Ili ujue huyu ni mzee ilikubidi umsikilize akizungumza, na hapo pia watu walikosea sana, kwa kuwa mpumbavu wa miaka ishirini na mpumbavu wa miaka themanini husema mambo yaleyale.

Siku hizo watu wote waliokuwapo walikaa Mlembwe, na Mlembwe yenyewe ilikuwa nyumba tisa tu, huko milimani kwenye misitu ambako mibungo hutambaa juu ya miti mingine kama kamba alizozisahau mtu. Watu hao walijua ngozi zao zilijifunzia wapi kurudi. Zilijifunzia kwenye mbeleko.

Mbeleko ilikuwa moja. Usifikirie kanga, kanga zilikuwa hazijafika mahali popote. Ilikuwa ngozi ya mnyama. Wengine husema paa, wengine mnyama ambaye hayupo tena, na hakuna haja ya kugombana kwa ajili ya mnyama. Ikiwa imepumzika, urefu wake ulikuwa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko cha mtu mzima mpaka ncha ya kidole. Akiwekwa mtoto mchanga, ilivutika kadiri yake, ikamshika mgongoni kwa mama yake kama kiganja. Mtoto akinenepa, nayo iliongezeka. Na kila mtoto aliyebebwa humo alitoka na ule ujuzi wa kurudi umemwingia mwilini, asiusahau mpaka kufa.

Sharti lake lilikuwa jepesi: ivutwe, kisha iachiwe. Mtoto akishaanza kurusha miguu na kutaka kushuka, mwanamke aliyekabidhiwa kuitunza aliwaita watu uani, akafungua fundo, akasema kwa sauti neno moja tu, “Amekua,” akamweka mtoto juu ya udongo. Kisha mbeleko ilitundikwa kwenye mbungo ulioota nyuma ya nyumba ya mtunzaji, ikapumzike. Siku ya tatu ilikuwa imerudi kwenye dhiraa yake, inamngoja mwingine. Wanawake wa Mlembwe walipokezana kuzaa kama wanavyopokezana kinu, na kwa vizazi vingi hakuna aliyekosa zamu.

Mtunzaji wa wakati huo aliitwa Bi Nambecha. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, wa kiume Mtungunya na wa kike Chimwala, na alikuwa na ulimi mwepesi kwa kila jambo isipokuwa lile lililohitaji kusemwa. Hilo yeye mwenyewe alikuja kulikiri baadaye, wakati kukiri kulikuwa hakumsaidii mtu.

Mlembwe walikuwa na desturi nyingine, na ukiitazama kwa juu huioni ubaya wake. Mwanamke aliyezika mtoto hakukatazwa jambo lolote mpaka mtoto wake mwingine atembee. Akitaka asali, watu walipanda miti. Akitaka kulala mchana kutwa, wengine walimlimia shamba. Akisema leo jua kali, na mvua inapiga, watu walianika mtama. Walikuwa watu wenye huruma, tena walijipenda kwa huruma yao, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Mke wa Mtungunya aliitwa Namene. Alizaa mtoto wa kwanza, Bi Nambecha akafungua fundo, akasema “Amekua,” akamweka chini. Siku ya nne homa ikamchukua. Akazaa wa pili, fundo likafunguliwa, neno likasemwa. Wiki haikuisha tumbo likamuuma mtoto, likamwua. Hakuna aliyesema kwamba udongo wa uani kwa Bi Nambecha una jambo. Lakini Namene alikuwa ameushika ule udongo mara mbili kwa mikono yake, akiwafukia wanawe, na hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Wa tatu akazaliwa wa kiume, akaitwa Baki. Bi Nambecha alimpelekea mkwewe mbeleko, akaifunga kwa mkono wake mwenyewe, fundo lililoshika sawasawa, na wote wawili wakalia kidogo kama inavyostahili.

Miezi ikapita. Baki akaota meno, akarusha miguu, akawa anamkanyaga mama yake mbavu kama anayepanda ngazi. Siku ile Bi Nambecha aliamka, akafagia uani, akaweka maji. Kisha akatoka kwenda kumwita Namene, akamkuta anachochea moto, mtoto mgongoni.

“Mwanangu,” akaanza.

Namene akageuka. Alimtazama tu, na mkono wake mmoja ukapanda taratibu ukashika lile fundo kifuani, kama mtu anavyoshika mlango asifunguliwe.

“Kuni zimelowa,” akasema Bi Nambecha, akarudi kwake.

Ulikuwa mwezi wa kiangazi. Kuni zilikuwa kavu kiasi cha kuwaka kwa kutazamwa.

Huo ukawa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili Baki akajua kusema. Wa tatu akajua kusahihisha. Mama yake alilima naye, akateka maji naye, akalala kifudifudi naye, fundo lisifunguliwe usiku wala mchana. Mtoto aliona dunia nzima kupitia juu ya bega, na kwa kuwa alikuwa juu, alichuma mabungo yaliyowashinda wenzake wa chini, akayala huku mbegu zikimwangukia mama yake kichwani.

Na watu wa Mlembwe, wale wenye huruma, wakaanza kusema uongo mmoja kwa pamoja, kila siku, bila kupangiana.

“Kachanga hakajambo?” waliuliza wakipita.

“Hakajambo,” Namene alijibu, mgongo umepinda kama upinde.

“Kadogo hako, kashikilie vizuri kasije kakaanguka,” alisema mzee mmoja aitwaye Chipande, kila asubuhi, kwa sauti ya upole.

“Babu,” Baki akamwambia siku moja kutoka juu, “ndevu zako zina uji. Na jana zilikuwa na uji.”

Mzee Chipande akafuta ndevu, akacheka kwa kuangalia pembeni, akasema jamani kachanga kanajaribu kutamka. Kachanga kalikuwa na miaka mitatu na nusu. Visigino vyake vilikuwa vinagonga magoti ya mama yake kwa nyuma akitembea, na mtu yeyote mwenye macho aliweza kuyahesabu makovu.

Mtoto mwenyewe na bibi yake walipendana sana. Alimwita mke wangu, naye alimwita mume wangu, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana popote.

“Mume wangu, lini utanijengea nyumba?”

“Mke wangu, nitaijengaje na mimi sifiki chini?”

Watu walicheka. Bi Nambecha alicheka pia, kisha akaenda ndani akakaa peke yake juu ya kitanda chake cha kamba.

Si kwamba Namene alikuwa mjinga. Hilo lifahamike, maana wasimulizi wengine hupenda kumfanya mjinga ili wao walale vizuri. Siku moja walikuwa mtoni wawili, yeye na mama mkwe wake, Baki safari hii amelala, shavu lake limebandikwa kwenye uti wa mgongo wa mama. Namene akasema, bila kuulizwa, huku anasugua chungu kwa mchanga:

“Mama, akiwa mgongoni namsikia anavyopumua. Nikiwa nalima namsikia, nikiwa nimelala namsikia. Akishuka, nitasikia nini?”

Hapo palikuwa na nafasi. Palikuwa na maji, na kivuli, na hakuna mtu mwingine. Bi Nambecha angeweza kusema, utasikia nyayo zake, mwanangu. Jibu hilo lilimjia baadaye, miaka mingi baadaye, likiwa kamili na zuri, na kila lilipomjia alilichukia. Siku ile mtoni alisema:

“Chungu hicho kimeshatakata.”

Sasa, ngozi haijui huruma wala desturi. Inajua kuvutwa na kuachiwa. Mbeleko ilianza kusema kwa njia yake. Kwanza ililia, kiuno cha Namene kikigeuka inatoa mlio mwembamba kama mlango mkuukuu. Kisha ikawa nyembamba hata magoti ya Baki yakaonekana umbo lake. Bi Nambecha, aliyeitunza tangu alipoipokea kwa mama yake, alikuwa na mazoea ya kuifinya kwa vidole viwili akipita, kama mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa. Zamani ilirudi kabla vidole havijaondoka. Mwaka wa nne aliifinya, ikasimama. Ikakaa imefinyika kwa muda wa pumzi moja, ndipo ikarudi.

Alitazama huku na huku kama kuna aliyeona. Hakuna.

Mwezi uliofuata zikawa pumzi mbili. Alijua maana yake, na katika watu wote wa dunia, ambao walikuwa nyumba tisa, ni yeye peke yake aliyejua. Angalau hapo angepiga kelele. Angesema, mbeleko hii si ya Namene peke yake, ni ya kila atakayezaliwa. Lakini miaka minne ya kusema kachanga ilikuwa imemfunga kinywa. Ukishasema uongo siku ya kwanza kwa ajili ya huruma, siku ya elfu unausema kwa ajili ya aibu, na aibu ndiyo hasa iliyokuwa imembana. Aliogopa wangemwuliza: na wewe, mtunzaji, ulikuwa wapi?

Chimwala, binti yake, aliyefuata kwa zamu ya kuzaa, akapata mimba.

“Mama, mbeleko itakuwa tayari?” aliuliza mwezi wa sita.

“Itakuwa tayari.”

“Mama.”

“Nimesema itakuwa tayari. Umeota masikio ya kazi gani?”

Mtoto akazaliwa, wa kike, akaitwa Nachilima. Mbeleko haikuwa tayari. Chimwala akamshika mwanawe mikononi, siku kumi, siku ishirini, siku arobaini. Hakuweza kulima, hakuweza kutwanga. Mikono ilimfa ganzi mpaka akawa anakula kwa kuinamia chakula. Watu wa Mlembwe walipita, wakasema jinsi anavyojua kupakata, hawajapata kuona mama anayepakata vizuri namna hiyo, tena mikono yenyewe imependeza. Chimwala aliwasikiliza wa kwanza na wa pili. Wa tatu akamwambia, “Nenda ukapakate jiwe, halafu rudi unisifie tena.”

Siku ya arobaini na moja, asubuhi jua limeshapanda, wanawake wakiwa uani kwa Bi Nambecha wanatwanga, Chimwala akaingia na mtoto mikononi. Namene alikuwa kwenye kinu, amepinda, anatwanga, na Baki juu yake anapanda na kushuka na kila pigo la mchi.

“Wifi,” akasema Chimwala, “nimekuja kuchukua mbeleko. Huyo mtoto wako ana meno mengi kuliko mimi.”

Michi yote ikasimama.

“Chimwala!” akanong'ona mmoja. “Aliyezika hakatazwi!”

“Sijamkataza kitu. Nimeomba.”

Namene hakuinua kichwa, au pengine hakuweza. Mkono wake ukapanda ukashika fundo. “Bado mdogo huyu, wifi,” akasema polepole. “Akikua nitakuletea mwenyewe. Muulize mama. Mama, mwambie. Si bado mdogo?”

Wote wakamgeukia Bi Nambecha. Mikono ya binti yake ilikuwa inatetemeka chini ya mtoto. Macho ya mkwewe yalikuwa yanamwangalia kutoka chini, kwa sababu mgongo haukumruhusu kuangalia kwa namna nyingine. Lile neno lilikuwapo. Lilikuwa limekaa kinywani mwake miaka mitano, limejaa mate. Akafungua kinywa.

“Kuni,” akasema, “zime—”

“Kuni ni kavu, bibi,” akasema Baki. “Ziko pale pale. Nazitazama kila siku.” Akamtazama, na safari hii hakuwa anatania. “Mke wangu, nishushe. Nataka kwenda kukojoa mwenyewe.”

Hakuna aliyecheka.

Bi Nambecha akaenda kwa mkwewe, akauondoa ule mkono kwenye fundo, kidole kimoja kimoja, na Namene hakupigana. Alilia tu bila sauti, machozi yakianguka kinuni. Fundo lilikuwa limeshikamana miaka mitano, halikukubali vidole. Alilifungua kwa meno. Mbeleko ikateleza, ikaanguka, ikalala vumbini kwa urefu wake wote, haikujikunja hata kidogo. Akamshika Baki kwapani, akamweka juu ya udongo.

“Amekua,” akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Miguu ya Baki ilikuwa myembamba kama mabua, na ilikuwa inajua umbo moja tu, la kukumbatia kiuno. Akaanguka kwa uso. Namene akataka kumrukia, Bi Nambecha akamshika kifundo cha mkono, akamshika kwa nguvu, asimwachie. Mtoto akajiinua kwa mikono, akakaa, mdomo una vumbi. Akatazama watu wote kutoka chini kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

“Kumbe nyinyi warefu namna hii,” akasema.

Kisha akamwona mama yake. Akamtazama kwa muda mrefu, kichwa upande.

“Mama, mbona umeinama? Simama. Nimeshashuka.”

Namene akajaribu kusimama. Hakuna uani humo aliyepata kuona jambo kama hilo, kwa kuwa hapakuwa na mwili uliowahi kuvutwa usirudi. Alijaribu, akashika kinu akajisukuma, akajaribu tena. Mgongo ulikaa vilevile. Alikuwa ameachiwa, na hakurudi.

“Simama, mama,” akasema Baki, na sasa alikuwa anaogopa.

“Hivi ndivyo ninavyosimama, baba,” akasema Namene.

Jioni, baada ya watu kuondoka kwa haraka ya watu ambao hawakuhusika, wakwe hawa wawili walikaa kizingitini. Baki alikuwa anatambaa uani kama mtoto wa miezi minane mwenye maneno ya mtu mzima. Namene akauliza, bila ukali wowote, na afadhali ungekuwapo ukali:

“Mama, mbona hukuniambia?”

“Ungenisikia?”

Namene akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli, alifikiri hasa.

“Nisingekusikia,” akasema. “Lakini ungeniambia.”

Bi Nambecha akainuka, akaiokota mbeleko vumbini.

Mbeleko ilitundikwa kwenye mbungo nyuma ya nyumba. Siku ya tatu watu walikwenda kuitazama, ikawa dhiraa tano. Siku ya saba, dhiraa tano. Wakasema labda ni baridi. Wakasema labda ni mwezi. Siku ya nane Bi Nambecha alikwenda peke yake. Aliifinya, ikakaa imefinyika. Alingoja pumzi kumi, pumzi ishirini, mpaka akaacha kuzihesabu.

Ndipo akaona pale mbeleko ilipouchubua mbungo kwa kuning'inia. Utomvu mweupe ulikuwa umetoka na kuganda. Utomvu wa mbungo siku hizo ulikuwa ukikauka unapasuka na kupukutika kama ukoko wa uji. Alishika ncha yake kwa kucha ili aubandue. Haukupasuka. Ulivutika. Ukavutika urefu wa mkono, mwembamba kama uzi, na alipouachia ukarudi kwa kasi ukamchapa kidole, paa!

Alisimama hapo akinyonya kidole, akaelewa. Ule ujuzi wa kurudi ulikuwa umeshikiliwa miaka mitano. Ulipoachiwa ulitaka kurudi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee unayoijua. Ukakuta ngozi imesahau kipimo chake, haina tena mahali pa kuurudisha. Ukarudi mahali pengine ulipopakumbuka, pale ulipozoea kupumzika. Ukaingia kwenye mbungo. Nao mbungo, ambao haukuzika mtu na haukuwa na huruma na mtu, haujautoa mpaka leo.

Chimwala alimbeba Nachilima kwa ngozi ile iliyolegea, akaifunga mafundo matatu. Kilichokuwa kimebaki humo kilikuwa kidogo, mabaki ya chini ya chungu, na ndicho mtoto alichotoka nacho. Miaka mingi hakuna aliyegundua. Nachilima alikuwa msichana kama wasichana wengine, shavu linarudi, mkono unarudi. Watu wa Mlembwe wakasema unaona, hakuna kilichoharibika, tulihangaika bure. Baki alijifunza kutembea akiwa na miaka saba, akayumba kidogo upande wa kushoto maisha yake yote, na mama yake alimfuata nyuma kwa macho yaliyotazama chini, akisikiliza nyayo. Alizijua nyayo zile katikati ya nyayo mia.

Kisha Nachilima akakua, akaolewa, akazaa. Siku ya saba ikapita, na ya arobaini, na tumbo lake halikurudi lote. Juu yake palikuwa na mistari, mingi, inang'aa kama njia za konokono. Wanawake wakamwambia itaondoka. Mmoja akampa mafuta ya mbarika, mwingine udongo wa mto, mwingine mafuta ya kitu ambacho hakutaka kukitaja, wote kwa uso mkavu, na wajukuu wa wajukuu wao bado wanauza mafuta hayo mjini kwenye vichupa vizuri. Nachilima akapaka kila kitu. Mwishowe akaenda kwa bibi yake.

Bi Nambecha alikuwa ameshakuwa kizee ambaye hatoki nje bila kushikwa. Lakini yeye alibebwa zamani, kwenye mbeleko nzima, kwa hiyo uso wake ulikuwa laini kama wa msichana wa kuchumbiwa. Nachilima akainua nguo, akamwonyesha.

“Bibi, hii itaondoka lini?”

Kizee akaitazama ile mistari. Akaipitisha kidole, mmoja mmoja. Pembeni ya mlango palikuwa na mzigo wa kuni, na mtu akiwa na tabia ya miaka mingi, tabia humjia mdomoni yenyewe.

Akaimeza.

“Haiondoki, mwanangu,” akasema. “Na ngozi ya mikono yako nayo itachoka kabla yako. Na ya watoto wako. Kaa chini nikwambie nani aliyefanya.”

Akamwambia yote, hakujipunguzia. Alipomaliza, Nachilima akamfinya bibi yake nyuma ya mkono. Ngozi ikarudi papo hapo. Akajifinya wake. Wakaitazama wote wawili, inavyorudi kwa kujivuta, kama mtu aliyeitwa na hana hamu ya kuja.

“Ningetaka ya kwangu ndiyo ikae hivyo,” akasema Bi Nambecha. “Watu wangeona.”

Hawakuona. Alikufa na uso ule ule usio na alama ya chochote alichofanya. Waliokuja kumzika walisema hakika amekwenda kama msichana, hana hata mkunjo. Na waliomfahamu wakajua kwamba, kama angeweza, angeinuka amchape aliyesema hivyo. Yeye na waliobebwa kabla ya Nachilima ndio waliokuwa wa mwisho duniani kuzeeka namna ile.

Na tangu mambo hayo utomvu wa mbungo ukivutwa hurudi, watoto huufinyanga mpira wakaupiga chini ukawarukia, na ngozi ya mtu hurudi wakati wa ujana tu, kisha huanza kusahau. Mama huzaa akabaki na mistari, mzee hujifinya mkono akangoja. Wanawake hawakutaka tena kuwa na mbeleko moja, wala ya kuvutika. Kila mmoja ana nguo yake, isiyojua kurudi wala kusahau, ya kufungwa na kufunguliwa mara kumi kwa siku.

Lakini jambo moja Nachilima alilitoa mlangoni kwa bibi yake akaenda nalo, na lenyewe halijasahaulika. Ndiyo sababu hata leo, ukipita njiani na mtoto mgongoni, mtu yeyote, awe jirani, awe mgeni, awe amemwona mtoto huyo juzi tu, neno lake la kwanza kabla hajauliza hali yako ni lile lile: “Jamani, amekua!”

Nawe utacheka, utasema, wapi, bado mdogo huyu. Lakini mtu akiutazama mkono wako wakati huo, ataona umeshapanda wenyewe kifuani, unapapasa fundo.